Jina la Siku ya Saba

Ndugu yangu alianza kuvaa gambuti, yale mabuti marefu ya mpira, katikati ya kiangazi, wakati ambapo Garsen vumbi linaingia hadi ndani ya kopo la sukari. Hakuwa na shamba la kumwagilia wala ng'ombe wa kukamua. Ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na makutano ya barabara, si mbali na hoteli yangu, na kazi yake yote huifanya ameketi. Nilipomwuliza gambuti za nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Dada, si unajua," akasema.

Nilijua. Garsen nzima ilijua. Zilikuwa gambuti za kijana mmoja wa kijiji cha Wema anayerekodi vichekesho kwa simu. Jina lake halisi sitalitaja, na lile la kazi pia nitaliacha, ila niseme tu kwamba ni jina la samaki, tena samaki mwenye sharubu. Kila kichekesho alikirekodi amesimama ukingoni mwa mto, gambuti nyeusi miguuni na kikoi kiunoni, akiigiza watu wote peke yake. Alikuwa Mpokomo anayelinda migomba yake. Akageuza kikoi akawa Morma ambaye ng'ombe wake wameingia kwenye hiyo migomba. Akakigeuza tena akawa Msomali mwenye duka, anayewaomba wote wawili wagombane taratibu kwa sababu ni wateja wake. Lugha zote alizijua, na makosa ya kila mtu katika Kiswahili aliyajua zaidi.

Nami sijitoi. Nilicheka mpaka nikashika ubavu.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonifanya nimheshimu. Katika hoteli yangu meza za mlangoni zilikuwa za wafugaji na meza za ndani zilikuwa za wakulima. Hakuna aliyeandika hivyo ukutani. Kulikuwa na miaka mibaya ya mapigano huko nyuma, na watu wa huku hawasahau upesi. Basi adhuhuri moja mfugaji mmoja alisimama na kikombe chake, akaenda kuchungulia simu ya vijana wa Kipokomo waliokuwa wakicheka. Akatazama. Akavuta kiti.

"Hii kijana iko na akili," akasema. "Lakini mimi hapana tembea namna hii."

"Mzee, unatembea hivyo hivyo kabisa," kijana mmoja akamjibu, na hoteli nzima ikaangua kicheko, mzee mwenyewe akiwa wa kwanza. Kuanzia siku hiyo meza zikachanganyika. Wabunge wamekuja na kuondoka, mikutano ya amani imefanywa na soda zikanywewa, lakini meza zangu hazikuwa zimechanganyika. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba yule kijana hakufanya kitu, nitamkatalia.

Lakini ipo siku ambayo watu waliacha kusema "amechekesha" wakaanza kusema "amesema". Siku yenyewe siikumbuki. Nakumbuka tu kwamba nilianza kukosa raha. Amesema chai isiyo na tangawizi ni ya wagonjwa. Vijana wakairudisha chai yangu. Nikanunua tangawizi, biashara ni biashara. Amesema mwanamume hali mkate asubuhi, anakula muhogo. Mandazi yangu yakalala. Yeye alikuwa ameyasema hayo kwa mdomo wa Mpokomo bahili katika kichekesho, mtu ambaye tulipaswa kumcheka! Nilijaribu kuwaeleza hilo. Walinitazama kwa huruma.

Halafu yule kijana akatoa kichekesho cha bibi kizee anayeteleza mtoni na ndoo yake, anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Mama yangu ameteka maji mtoni maisha yake yote, kule Wenje tulikozaliwa, na amewahi kuanguka hivyo. Nikasema kwa sauti, nikiwa na birika mkononi, kwamba hiki hakichekeshi.

"Dada, hukukielewa," ndugu yangu akasema.

"Nimekielewa. Ni kibaya."

Alitoka, na wenzake wakamfuata, gambuti zao zikipiga sakafu kwa kishindo. Siku kadhaa zilipita wakinywa chai kwa jirani. Ndugu yangu niliyembeba mgongoni alipita mbele ya mlango wangu akitazama upande wa pili wa barabara. Niliumia. Pia nilikasirika, maana chai ya jirani ni maji ya kuoshea vikombe, anajua hivyo tangu zamani. Ndivyo ilivyo, ukipenda, chongo utaita kengeza.

Miguu yake nayo ikaanza kuoza. Mtu hawezi kuvaa mpira kutwa nzima katika joto la Garsen akabaki na vidole. Mkewe akawa anamchemshia maji ya chumvi kila jioni, huku mwenyewe tumbo la mimba limemfika kifuani. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na huyu kidonda alikuwa nacho kweli, kati ya kidole gumba na cha pili.

Sasa hapo kwenye tumbo ndipo palipokuwa na jambo.

Kwetu mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu yake, baba wa baba. Baba yetu alikuwa ameshafariki. Tulizaliwa wawili tu, mimi na ndugu yangu, na wanangu mimi wana majina ya kwa baba yao, kama inavyopasa. Kwa hiyo jina la baba lilikuwa na mlango mmoja tu wa kurudia, nao ni tumbo la yule mke wa ndugu yangu. Mama alilijua hilo kuliko sisi sote. Alikuja kutoka Wenje kabla ya uzazi, akaanza kulisemesha tumbo.

"Mume wangu," alikuwa akiliambia, "umekaa huko ndani unakula bure, mimi huku sina mtu wa kuniletea nyama."

Ndio utani wa bibi na mjukuu. Mtoto akishabeba jina la babu yake, bibi humwita mume, humlalamikia, humdai nguo za sikukuu, na wote hucheka. Lakini mama alipousema utani ule sauti yake ilitetemeka. Walikaa miaka mingi pamoja yeye na baba, na sikumbuki siku moja ambayo alimlilia mbele yetu. Nadhani alikuwa akimsubiri.

Mtoto akazaliwa salama, wa kiume. Ndugu yangu akaingia hotelini na gambuti zake, kwa mara ya kwanza tangu tukosane, akanikumbatia, akatangaza kwamba mwanawe ataitwa kama yule kijana wa Wema. Si jina lile alilopewa na wazazi wake. Jina la samaki.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Unatania," nikasema.

"Sitanii. Baba alikuwa mzee mzuri, Mungu amrehemu. Lakini alifanya nini, dada? Alilima, akala, akafa. Huyu amewaketisha watu pamoja. Nataka mwanangu awe mtu kama huyo."

Nilitaka kumpiga na mwiko. Baba alilima, ndiyo. Alitulimia sisi. Mto ulipofurika alivusha watu kwa mtumbwi, wakulima na wafugaji, hata ndama wao, wala hakusimama mbele ya simu. Nilimwambia hayo yote, nikapaza sauti, wateja wakaacha kutafuna. Ndugu yangu akasema, kwa upole ulioniudhi kuliko tusi, "Nani anamjua baba nje ya Wenje?"

Mama aliambiwa na mwanawe mwenyewe, tena kwa tabasamu, kama mtu anayeleta zawadi. Aliendelea kupepeta mchele. "Mkataa kwao mtumwa," akasema, basi. Jioni nilimkuta akikunja kanga zake, anaziweka kwenye mfuko. Alisema anarudi Wenje, mahindi yake yanaliwa na nyani. Nyani wa Wenje hawakuanza jana. Alikuwa anaondoka kabla ya siku ya saba, siku ya akika, mtoto anaponyolewa na kutangaziwa jina. Bibi mzaa baba kukosekana siku hiyo ni aibu isiyofutika, na kila mtu angeuliza sababu.

Nilimwendea shehe. Shehe ni mtu mpole. Akamwita ndugu yangu, akamweleza kwamba mtoto ana haki ya jina lenye maana njema.

"Samaki ni halali, shehe," ndugu yangu akajibu.

Shehe akacheka kabla hajajizuia, halafu akakohoa, na heshima yote ya kikao ikaishia hapo.

Nikawa kama kuku anayetaka kutaga. Nikiketi nainuka. Niliunguza mandazi, nikatia chumvi maharage yaliyokwisha kutiwa chumvi, nikamfokea mpishi wangu ambaye hana kosa. Mfuko wa mama ulikuwa mlangoni umefungwa. Nilimsihi angoje siku moja zaidi, kisha moja tena. Asubuhi iliyofuata nikavua aproni, nikamwachia mpishi hoteli, nikatafuta bodaboda ya kwenda Wema.

"Unaenda kwake?" mwenye bodaboda akauliza nilipomtajia nyumba. Nikamwambia ndiyo. Akatoa kitambaa mfukoni akapangusa kiti cha pikipiki kabla sijakaa, jambo ambalo hajawahi kunifanyia, na nimepanda pikipiki yake tangu aliponunua.

Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa na maneno makali, mazuri, yenye mpangilio. Nilikuwa nitamwuliza amejiona nani. Nilikuwa nitamwambia kuhusu vidole vya ndugu yangu.

Uani kwao kulikuwa na watu wanangoja. Mfugaji mmoja alikuwa amekuja na ndama mwenye jicho lililovimba. Mwanamke mmoja amemleta binti yake aliyekataa shule. Vijana wawili wenye gambuti walikuwa hawataki chochote, wamekuja tu. Na yeye mwenyewe alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu, peku. Gambuti zake zilikuwa zimetundikwa juu chini kwenye ua, zinakauka.

"Mzee, mimi sio daktari ya ng'ombe," alikuwa akimwambia mfugaji.

"Wewe shika tu," mzee akasema.

Akamshika ndama kichwani. Angefanyaje? Mzee akashukuru, akaondoka ameridhika, na jicho la ndama limevimba vile vile.

Zamu yangu ilipofika nilikaa mkekani, na yale maneno makali hayakuja. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Samahani kwa kukusumbua, kaka." Kaka! Kijana ambaye ningeweza kumzaa. Nikamweleza habari ya ndugu yangu, mtoto na jina, na nilipofika kwa mama na mfuko wake nikaanza kulia, nikajichukia kwa kulia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alionekana kuogopa.

"Dada, mimi nachekesha tu," akasema. "Sijamwambia mtu aite mtoto hivyo. Hata mamangu haniiti hilo jina."

"Basi mwambie ndugu yangu. Mwambie ampe jina la babu yake."

"Niseme mimi?"

"Wewe. Sisi hatusikilizwi."

Akakuna kichwa. "Sasa nikisema mimi, si itakuwa ile ile? Leo nimempa jina ya mtoto. Kesho ataniuliza ang'oe jino gani. Ongeeni na yeye huko nyumbani."

Nakumbuka kwamba nilimwelewa. Alikuwa amesema kweli, na niliisikia kweli hiyo ikipita masikioni, na sikutaka kuishika. Keshokutwa ilikuwa siku ya saba. "Tumeongea mpaka mate yamekauka," nikamwambia. "Neno lako moja tu." Mama yake, aliyekuwa akimenya ndizi pembeni, akaingilia: "Mfanyie mama wa watu, mwanangu. Neno halikuli."

Basi akachukua simu, nikampa nambari ya ndugu yangu, akaanza kurekodi ujumbe. Akakohoa, na sauti yake ikabadilika pale pale, ikawa ile nene ya kwenye vichekesho, hata vijana wawili wa gambuti wakasogea. Alimtaja ndugu yangu kwa jina. Akamwambia ampe mtoto jina la babu yake, na hilo la samaki waliache mtoni. Nilimshukuru, nikarudia, nikamshukuru tena nikiwa nimeshapanda pikipiki.

Nilirudi Garsen na furaha, lakini ilikuwa furaha inayowasha, sijui niseme vipi. Ndugu yangu alikuwa tayari ameupata ujumbe. Alikuwa akizunguka nao meza kwa meza katika hoteli yangu, machozi yanamtiririka.

"Ameniita kwa jina langu! Skizeni! Anajua jina langu!"

Vijana walikuwa wakimpa mkono kana kwamba amefaulu mtihani. Jina la samaki lilikufa hapo hapo, bila hoja hata moja. Mambo niliyoyasema kwa siku kadhaa nikipaza sauti, ndugu yangu aliyapokea kwa yule kijana ndani ya sekunde chache na kuyabusu.

Mama nilimwambia tu kwamba mwanawe amebadili nia. Alinitazama. "Amebadili mwenyewe?"

"Amebadili," nikasema.

Aliufungua mfuko. Akatoa kanga yake nzuri akaianika kwenye kamba ili ipate hewa, na siku ile alikula sahani mbili. Alianza kumnong'oneza mtoto mambo ambayo sikuyasikia, akicheka peke yake. Nilipaswa kutulia, na sikutulia. Kila ndugu yangu alipofungua mdomo, niliogopa atamtaja yule kijana mbele ya mama.

Siku ya saba watu walijaa. Wakulima walikuja na ndizi, wafugaji wakaleta maziwa, na kwa kweli waliketi wamechanganyika. Mtoto akanyolewa. Shehe akalitangaza jina, jina la baba yangu, na sikutegemea kwamba lingenipiga vile, kulisikia likitamkwa kwa sauti kubwa kwa mtu aliye hai. Mama alimpokea mtoto, akampakata.

"Karibu, mume wangu," akasema. "Umekawia." Na hapo ndipo alipolia, mbele ya watu, bila kujificha, na wanawake wakampigia vigelegele.

Ndugu yangu akasimama. Gambuti alikuwa amezipaka mafuta mpaka zinang'aa. Akashukuru wageni, akamshukuru Mungu, akamshukuru shehe. Kisha akasema kwamba yuko mtu mmoja ambaye bila yeye jina hili lisingetoka leo. Nilimwashiria kwa macho. Nilitikisa kichwa. Alikuwa na furaha mno, hakuniona. Akaunganisha simu na spika.

Ile sauti nene ikajaa uani. Vijana walishangilia kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. "Dada yako amefika mpaka kwangu," sauti ikasema, "na machozi yake yamenigusa. Nakwambia mimi, mpe huyo mtoto jina ya babu yake. Hiyo ya samaki tuwachie mto." Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Mama alisikiliza yote. Alimngoja mwanawe azime spika.

"Huyo ndiye aliyesema mtoto apewe jina la baba yako?"

"Ndiye, mama."

"Na angesema hapana?"

Ndugu yangu alifikiri. Hakuwa na ubaya wowote usoni, naapa. Alilifikiria swali kama alivyoulizwa. "Basi lingekuwa jina jingine, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia na akaifahamu. Akamnyanyua mtoto kutoka mapajani, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ulikwenda kumwomba."

"Nilikwenda kwa ajili yako, mama."

"Ulipofika ulikaa wapi?"

Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata mara moja, mpaka pale. "Kwenye mkeka," nikasema.

"Na yeye?"

Watu walikuwa wameanza kuitwa chakula. Harufu ya pilau ilikuwa imetanda uani, na mtoto alikuwa analia. Ningeweza kujifanya sikusikia.

"Kwenye kiti," nikasema.